Sindano, Sikio na Shina la Ubongo: Historia ya Tiba ya Kifua Kikuu Kampala

Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, kwenye kilima kilicho kaskazini mwa Kampala. Wakati huo daktari Albert Cook alikuwa na miaka 16 tangu aanze kutibu watu pale Mengo, katika hospitali ya misheni. Mwaka 1924 mafunzo ya udaktari ya chuo cha Makerere yakaanzia Mulago. Hospitali zote mbili zilikijua vizuri kifua kikuu, akafuba kwa Waganda, ila tiba yake haikuwapo popote duniani. Mgonjwa alipewa kitanda, chakula na mapumziko, na penye vifaa aliingizwa hewa kifuani ili pafu lenye donda lilale na kupumzika. Wengi walikufa vijana.

Dawa ya kwanza ilitoka kwenye udongo. Oktoba 1943, kijana Albert Schatz, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, alipata kiumbehai kidogo cha udongoni kinachotoa kemikali ya kuua bakteria. Kemikali hiyo ikaitwa streptomaisini. Mwaka uliofuata madaktari Hinshaw na Feldman wa Mayo Clinic wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa mara ya kwanza mapafu yaliyokuwa yakiharibika yakaonekana kupona. Lakini mapema kabisa waliandika jambo jingine: baadhi ya wagonjwa walikuwa wakipepesuka.

Jambo hilo la pili limeandikwa kidogo mno katika hadithi za ushindi dhidi ya kifua kikuu, na ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kutoka maabara za Ulaya na Marekani mpaka wodi za Kampala. Dawa iliyowarudishia watu pumzi ilikuwa na tabia ya kuingia kwenye sikio la ndani na kuua seli zinazouambia ubongo kichwa kiko wapi na kinakwenda wapi. Seli hizo zikifa kwa binadamu hazirudi kwa kiasi cha kufaa. Kuku akipoteza zake huota nyingine. Sisi hatukujaliwa hivyo.

Jaribio lililoifanya streptomaisini ikubalike duniani lilichapishwa Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa namna ya kura, mbinu iliyosimamiwa na mwanatakwimu Austin Bradford Hill, nalo limebaki kuwa mfano wa majaribio ya kitabibu mpaka leo. Waliopata dawa walikuwa 55, wakidungwa gramu 2 kwa siku, sindano moja kila baada ya saa 6, kwa miezi 4. Ripoti ilisema wazi kwamba madhara makubwa ya dawa yalikuwa kwenye viungo vya usawa: 36 kati ya hao 55 walipata kizunguzungu, kwa kawaida katika wiki ya 4 au ya 5. Ni zaidi ya nusu. Baadaye dozi ilishushwa hadi gramu moja kwa siku, na idadi ya walioathirika ikapungua. Kulikuwa pia na dawa ya jamii hiyohiyo, dihidrostreptomaisini, iliyosifiwa mwanzoni kwamba haisumbui usawa. Ikagundulika kwamba inaleta uziwi, ikaachwa.

Ili kuelewa wagonjwa hao walipoteza nini, chukua gazeti, Bukedde au New Vision, lishike mbele ya macho na ulitikise kushoto na kulia mara mbili tatu kwa sekunde. Herufi zinavurugika, husomi kitu. Sasa litulize gazeti, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma vizuri. Mwendo ni mmoja na umbali ni mmoja, lakini safari ya pili kuna kazi iliyofanyika ndani ya kichwa ambayo macho peke yake hayaiwezi. Kuona ni kwa polepole: picha inachukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufika kwenye ubongo na kutafsiriwa, na kwa muda huo kichwa kimeshageuka upande mwingine. Aliyefanya kazi hiyo kwa haraka ni sikio, kwa msaada wa shina la ubongo.

Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu myembamba iliyopinda nusu duara, imepangwa pande tatu ili mzunguko wowote wa kichwa upate wa kuupokea. Kando yake kuna vifuko viwili vyenye punje ndogo za chokaa, vinavyohisi mvutano wa dunia na mwendo wa kwenda mbele, kando, kupanda au kushuka. Kichwa kinapogeuka, majimaji ya ndani ya mfereji hubaki nyuma kidogo na kukisukuma kiwambo laini cha utelezi. Chini ya kiwambo kuna seli zenye vinyweleo. Vinyweleo vikiinama upande mmoja, seli inachangamka. Vikiinama upande wa pili, inapoa.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba mifereji hii ina kazi hiyo. Mfaransa Pierre Flourens ndiye aliyeikata katika njiwa, miaka ya 1820, akaona ndege wale wakizungusha vichwa na kushindwa kujiongoza kulingana na mfereji uliokatwa. Miaka ya 1870 watu watatu, Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown, kila mmoja kwa njia yake, wakafikia hoja kwamba ni majimaji yanayosogea. Kisha akaja Robert Bárány wa Vienna, aliyegundua kwamba maji ya baridi au ya moto yakimiminwa kwenye tundu la sikio hufanya macho yachezecheze, na kwamba sikio lililokufa halileti mchezo huo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 alipewa kwa kazi hiyo, na habari zake zilimkuta akiwa mfungwa wa vita Urusi. Kipimo chake cha maji kingali kinatumika, nacho kinaweza kuonyesha sikio la nani limeuawa na streptomaisini.

Kutoka kwenye seli zenye vinyweleo, habari inasafiri kwa neva ya nane. Nyuzi za usawa ni karibu 20,000 kwa kila sikio, nazo hazinyamazi hata mtu akiwa amelala fofofo. Mwaka 1971 Jay Goldberg na César Fernández walipima nyuzi hizo katika nyani wadogo wa Amerika Kusini wakakuta kila uzi unatoa, kwa wastani, misukumo ya umeme ipatayo 90 kwa sekunde kichwa kikiwa kimetulia kabisa. Huo ni mpango wa ajabu ukiufikiria. Kwa kuwa neva inazungumza muda wote, inaweza kuongeza kasi au kuipunguza, na kwa hiyo sikio moja linaweza kueleza kugeuka kulia na kugeuka kushoto. Ukigeuka kushoto, misukumo ya sikio la kushoto inaongezeka na ya kulia inapungua. Ukigeuka kulia, kinyume chake.

Nyuzi hizo zinaingia kwenye shina la ubongo, sehemu nene kama kidole gumba inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, na kutua kwenye viini vinne vya niuroni kila upande. Kimoja kinaitwa kwa jina la Otto Deiters, Mjerumani aliyekufa kijana na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1865 baada ya kifo chake. Kingine kwa jina la Bechterew, Mrusi. Vingine kwa majina ya Schwalbe na Roller. Kutoka kwenye kiini cha Deiters njia inateremka uti wa mgongo mpaka misuli inayoinyoosha miguu, na hiyo ndiyo inayokuokoa unapoteleza kwenye tope la mteremko wa Makerere baada ya mvua. Kutoka kwenye viini vya jirani njia nyingine zinakwenda shingoni, na nyingine zinapanda mpaka kwenye niuroni zinazoendesha misuli ya macho.

Njia ya macho ndiyo iliyosomwa kwa makini zaidi, kwa sababu ni fupi mno. Rafael Lorente de Nó aliieleza mwaka 1933: niuroni ya kwanza inatoka sikioni, ya pili iko kwenye kiini cha usawa, ya tatu inavuta msuli wa jicho. Ni niuroni tatu tu. Kwa sababu ya ufupi huo macho huanza kuzunguka kinyume cha kichwa ndani ya milisekunde zisizofika 10, sehemu moja ya mia ya sekunde, na ndiyo maana unasoma gazeti huku ukitikisa kichwa.

Lakini ingekuwa kosa kuiona niuroni ya pili kama kituo cha kupitishia habari tu. Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia. Mwaka 1966 Shimazu na Precht walionyesha kwa paka kwamba niuroni za upande mmoja zinawasiliana na za upande wa pili kwa nyuzi zinazovuka katikati ya shina la ubongo, na kwamba mawasiliano hayo ni ya kukandamizana. Upande wa kushoto ukichangamka unauzima wa kulia, na wa kulia ukichangamka unauzima wa kushoto. Tofauti ndogo kati ya masikio mawili inakuzwa. Niuroni hizi hazijali sana kila sikio linasema nini peke yake. Zinachojali ni yupi amemzidi mwenzake.

Zinafanya zaidi ya hapo. Mfereji wa sikio unasahau haraka: ukizungushwa kwenye kiti kwa kasi isiyobadilika, ishara yake inafifia ndani ya sekunde chache. Theodore Raphan, Matsuo na Bernard Cohen walieleza mwaka 1979 kwamba shina la ubongo linaihifadhi ishara hiyo na kuirefusha, mara tatu hivi ya muda wa sikio lenyewe. Niuroni zilezile zinapokea pia habari za macho, za shingo, na maelekezo ya ubongo mdogo ulio nyuma yake. Kathleen Cullen wa Kanada, kwa kazi aliyoichapisha na Jefferson Roy mwanzoni mwa karne hii, alionyesha katika nyani kwamba baadhi yake zinatofautisha mwendo aliouanzisha mnyama mwenyewe na mwendo aliosukumwa. Ukigeuza kichwa kwa hiari yako, niuroni hizo zinapunguza sana sauti. Boda boda ikikurusha kwenye shimo, zinapiga kelele. Mwili tayari unajua ulichokusudia. Kinachohitaji hatua ya haraka ni kile usichokitegemea.

Sasa tuirudishe streptomaisini ndani ya mfumo huu. Watafiti wa kwanza hawakukubaliana dawa inaharibu wapi. Mwaka 1947 kundi moja la Marekani lilichapisha kazi likisema limeona niuroni zikifa katika viini vya neva ya nane, yaani ndani ya shina la ubongo lenyewe. Wengine walilishuku sikio. Ubishi huu ulikuwa na uzito kwa mgonjwa, kwani kama niuroni ndizo zilizokufa, hakuna cha kuzifundisha upya. Ushahidi wa sikio uliongezeka miaka iliyofuata, na mwaka 1962 Msweden Jan Wersäll pamoja na Joseph Hawkins waliweka sikio la paka chini ya darubini ya elektroni na kuonyesha seli zenye vinyweleo zikiharibika baada ya kudungwa streptomaisini kwa muda mrefu. Sikio ndilo lililokuwa likifa. Niuroni za shina la ubongo zilibaki hai, zikingoja habari ambayo haiji tena.

Aliyeeleza vizuri kuliko wote hali hiyo ilivyo ni daktari mmoja wa Marekani aliyetibiwa kwa streptomaisini. Mwaka 1952 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha simulizi yake kwa herufi mbili tu, J.C. Alieleza kwamba alipokuwa kitandani hakuweza kusoma kwa sababu mapigo ya moyo wake yalikitikisa kichwa kiasi cha kuzirusha herufi, mpaka alipokibana kichwa katikati ya vyuma viwili vya kitanda. Njiani hakuweza kumtambua mtu au kusoma kibao bila kusimama kwanza. Gizani alihitaji kushika ukuta. Akili yake ilikuwa timamu, miguu ilikuwa na nguvu, na macho yake hayakuwa na kasoro.

Kuna jambo hapa ambalo wodi nyingi zililipita bila kuliona, nalo linatokana moja kwa moja na kazi ya Shimazu na Precht. Mtu akipoteza sikio moja ghafla, kwa jeraha au kwa uvimbe wa neva, dunia inamzunguka, anatapika, hawezi kuinuka. Upande mmoja unasema misukumo 90, upande wa pili unasema sifuri, na shina la ubongo linasoma tofauti hiyo kama mzunguko mkali. Katika siku na wiki zinazofuata niuroni za upande ulionyamaza zinaanza tena kutoa misukumo zenyewe, bila sikio, na mgonjwa anatulia. Streptomaisini haifanyi hivyo. Inashusha masikio yote mawili kwa pamoja, polepole. Ni mizani ya sahani mbili iliyopunguzwa mzigo sawasawa huku na huku: ulimi wake haupotoki. Kwa hiyo wengi hawakuona dunia ikizunguka. Walisema wanayumba, au kichwa chepesi, au hawakusema kitu mpaka walipotoka hospitali na kupanda kilima usiku. Naamini utulivu huo ulichukuliwa mara nyingi kuwa dalili ya usalama.

Streptomaisini ilienea Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, na kwa haraka eneo hili likawa mahali muhimu sana duniani pa kupimia tiba ya kifua kikuu. Baraza la Utafiti wa Kitabibu la Uingereza na watafiti wa hapa walifanya majaribio kadhaa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanganyika, wakiongozwa kwa upande wa London na Wallace Fox, na kwa upande wa maabara na Denis Mitchison. Swali lao la kwanza lilikuwa la fedha. Dawa iliyotumika Ulaya pamoja na kidonge cha isoniazidi ilikuwa ghali na nzito kumeza, hivyo walijaribu thiasetazoni, kidonge cha bei ndogo sana. Matokeo ya mwaka 1960 yalionyesha kwamba inafaa. Kuanzia hapo mgonjwa wa kawaida wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam alidungwa streptomaisini kwa wiki kadhaa za mwanzo, kisha akaendelea na isoniazidi na thiasetazoni kwa mwaka mzima au mwaka na nusu.

Ilikuwa tiba nzuri kwa bei ambayo nchi changa ziliimudu, na sina shaka kwamba iliokoa maisha ya watu wengi mno. Ila thiasetazoni ilikuwa na ubaya wake: ikichanganywa na streptomaisini, kizunguzungu kilizidi. Uchunguzi wa kimataifa wa madhara ya thiasetazoni uliochapishwa mwaka 1966 ulilitaja hilo. Mchanganyiko uliochaguliwa kwa unafuu ndio uliolielemea sikio zaidi.

Mwezi wa Mei 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Afrika Mashariki, ambalo Uganda ilishiriki. Swali lilikuwa kama kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya 18. Makundi yote ya miezi 6 yalipata streptomaisini na isoniazidi kila siku. Moja liliongezewa rifampisini, moja pirazinamidi, moja thiasetazoni, na moja halikuongezewa kitu. Baada ya matibabu ugonjwa uliwarudia asilimia 3 ya waliopata rifampisini, 8 ya waliopata pirazinamidi, 22 ya thiasetazoni na 29 ya wasioongezewa. Tiba fupi inayotumika leo duniani kote imejengwa juu ya takwimu hizo, na ingefaa kila mwanafunzi wa udaktari wa Makerere azijue kwa moyo, kwa sababu zilitoka kwenye miili ya watu wa hapa. Kila mmoja wao, kwenye makundi hayo manne, alivumilia sindano zipatazo 180 za streptomaisini.

Miezi mitatu baada ya makala hiyo Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akiwapa siku 90. Madaktari wengi waliondoka, Waasia kwanza na wengineo baadaye, na Mulago ikaingia miaka migumu ya uhaba wa watu, maji na dawa. Mahali penye hali hiyo hakuna anayepima macho ya mgonjwa kwa maji ya baridi.

Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980, kifua kikuu kilirudi kwa nguvu, na tiba ya zamani ikatikisika pande zote mbili. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba thiasetazoni huwasababishia wenye virusi maradhi mabaya ya ngozi, mengine ya kuua. Mulago nayo, ambako Makerere ilikuwa ikifanya utafiti pamoja na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, ililinganisha tiba ya zamani na ile ya rifampisini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994 na kundi lililoongozwa na Alphonse Okwera. Thiasetazoni ikaondoka. Streptomaisini ilipungua kwa sababu nyingine kabisa: hofu ya sindano kueneza virusi. Nchi nyingi za Afrika zikaweka ethambutoli mahali pake. Sikio likapata nafuu bila mtu kulikusudia.

Nafuu hiyo haikuwahusu wote. Aliyerudiwa na kifua kikuu aliingizwa kwenye tiba iliyoitwa ya daraja la pili: dawa zilezile, ikiongezwa streptomaisini kwa miezi 2 ya mwanzo. Utafiti uliofanyika Mulago na kuchapishwa mwaka 2011, ukiwafuata wagonjwa karibu 300, ulionyesha jinsi tiba hiyo ilivyowaacha wengi bila kupona, hasa wenye virusi. Shirika la Afya Duniani lilisubiri mpaka mwaka 2017 kusema iachwe. Kwa miaka yote hiyo mwongozo kuhusu usawa ulikuwa wa mstari mmoja: mgonjwa akilalamika kizunguzungu, simamisha streptomaisini. Yaani ilitegemewa kwamba mgonjwa ataona na atasema, katika ugonjwa ambao kwa umbile lake unamnyamazia mwenyewe.

Kisha ikaja kanamaisini, kwa wale wenye kifua kikuu sugu kwa dawa. Hii ni ndugu ya streptomaisini, ila inapenda zaidi upande wa kusikia, na mgonjwa aliyepoteza kusikia hawezi kufichika. Pengine ndiyo maana dunia ilichukua hatua upesi zaidi kwa kanamaisini kuliko kwa streptomaisini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isitumike tena katika tiba hiyo. Jaribio la STREAM, ambalo awamu yake ya pili iliwahusisha wagonjwa wa Uganda, lilichapishwa mwaka 2022 likilinganisha vidonge vyenye bedakwilini na tiba ya sindano: madhara makali ya masikio yaliwapata asilimia 2 ya waliomeza vidonge na asilimia 9 ya waliodungwa.

Jamii hiyo ya dawa haijaondoka wodini. Jentamaisini, ambayo hulielemea zaidi sikio la usawa kama ilivyokuwa streptomaisini, bado ni dawa ya kwanza kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, na inastahili kuwa hivyo, kwa kuwa ni rahisi na inaokoa. Kwa mtu mzima anayedungwa kwa muda mrefu kuna kipimo kisichohitaji umeme wala mashine, kilichoelezwa mwaka 1988 na Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney. Daktari anakaa uso kwa uso na mgonjwa, anashika kichwa chake kwa mikono miwili, anamwomba akazie macho pua ya daktari, kisha anakigeuza kichwa kidogo lakini ghafla. Sikio likiwa zima, macho yanabaki kwenye pua. Likiwa limekufa, macho yanakwenda na kichwa, halafu yanaruka kurudi kuitafuta pua, na mruko huo unaonekana kwa jicho la kawaida. Inachukua muda usiofika dakika, na inaziuliza swali niuroni zilezile tatu za Lorente de Nó.

Kwa aliyekwisha kupoteza, mazoezi yanasaidia. Cawthorne na Cooksey waliyaanzisha Uingereza miaka ya 1940: kugeuza kichwa huku ukikazia macho kitu, kutembea huku ukitazama pembeni, kusimama kwa macho yaliyofumbwa karibu na ukuta. Niuroni za viini vya usawa ambazo hazisikii tena sikio zinajifunza kuegemea zaidi shingo, nyayo na macho. Hazifiki kasi ya awali, kwa sababu hakuna njia nyingine ya mwili iliyo fupi kama ile ya niuroni tatu, lakini mtu anatembea, anafanya kazi, anapanda teksi ya Wandegeya.

Waliodungwa wangali hai kwa maelfu, kuanzia wazee waliotibiwa kwa sindano na thiasetazoni mpaka watu wa makamo waliopitia daraja la pili miaka kumi na kitu iliyopita. Sasa wanafika kliniki wakisema wameanguka usiku, au miwani mipya haiwasaidii kusoma vibao wakiwa njiani, na mara nyingi wanapimwa shinikizo la damu, sukari na macho. Swali linalofaa kuongezwa kwenye karatasi ya mgonjwa wa namna hiyo ni kama aliwahi kutibiwa akafuba kwa sindano, na kwa miezi mingapi.